Bi Mabano na Mlango wa Saa Mbili

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwalimu wetu wa Aljebra ya Awali anastaafu baada ya kulifundisha somo hilo kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba kilekile cha ghorofa ya kwanza ambacho dirisha lake la nyuma halijawahi kufungika vizuri. Jina lake kamili limo kwenye jalada lake la utumishi. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa chuo hadi mpishi wa kantini, tunamwita Bi Mabano, naye huitika.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa mwaka wake wa kwanza kazini. Alikuwa akiwaeleza kwamba alama ya kutoa ikisimama mbele ya mabano, kila aliyemo ndani hubadilika, si yule aliye karibu na mlango peke yake. Ameendelea kulieleza jambo hilo tangu siku hiyo. Wanafunzi nao wameendelea kumbadilisha yule wa mlangoni peke yake.

Kwa wageni waliomo ukumbini leo, Aljebra ya Awali ni somo ambalo kila anayejiunga na chuo chetu sharti alifaulu kabla ya kwenda mbele, awe anataka uuguzi, uhasibu au ufundi umeme. Wengi huja wakiamini kwamba wao na hisabati walishaachana kwa amani. Bi Mabano huwapokea kwa ukurasa mmoja uliopigwa chapa, uitwao Masharti na Matarajio ya Darasa, na siku ya kwanza huwasomea wote kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa.

Ukurasa huo unastahili kukumbukwa. Kikokotoo hakiruhusiwi hadi mada ya nne, kwa sababu kichwa nacho kinahitaji mazoezi. Kazi iliyochelewa haipokelewi, hata ikiletwa na mzazi. Kwa kila saa ya darasani mwanafunzi anatarajiwa kujisomea saa mbili nyumbani, na kulala akiwa amefungua kitabu hakuhesabiki. Anayekosa kipindi kwa sababu ya msiba anapewa pole na nafasi ya kufidia. Hata hivyo bibi mzaa mama hufariki mara moja tu kwa muhula, na bibi mzaa baba vivyo hivyo. Bibi wa tatu anajadiliwa ofisini.

Simu ikilia darasani, mwenye simu husimama mbele na kutatua mlinganyo ubaoni. Mwaka fulani iliyolia ilikuwa yake. Bi Mabano aliizima, akafungua kitabu, akachagua mlinganyo mbaya kuliko yote katika sura, wenye sehemu juu ya sehemu, akautatua mpaka mwisho huku chaki ikimwagikia viatuni. Kisha akaomba radhi kwa kupoteza muda wa watu na kuendelea na somo. Wanafunzi wa muhula ule bado wanasema hawajawahi kuuelewa mlinganyo wowote kama ule.

Sharti lililojulikana zaidi, hata hivyo, lilikuwa la mlango. Siku ya mtihani mlango hufungwa saa mbili kamili asubuhi, na ukishafungwa haufunguliwi kwa yeyote wala kwa sababu yoyote. Sharti hilo lilidumu miaka kumi na saba. Lilivyokoma ndilo jambo ambalo wenzake ofisini tumekubaliana kulisimulia leo, kwa ruhusa yake. Alipoombwa ruhusa alisema, "Simulieni, lakini msilipambe."

Mwaka huo binti yake wa pekee alijiunga na chuo chetu. Alitaka kusomea ufamasia, na nafasi za ufamasia zilikuwa chache: aliyefeli Aljebra ya Awali alisubiri mwaka mzima. Kwa kuwa mwalimu wa somo alikuwa mmoja, msichana alifundishwa na mama yake. Darasani alimwita Mwalimu, nyumbani Mama, na inasemekana hakuwahi kuchanganya.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho Bi Mabano alitangulia kazini, kama kawaida yake. Alipofika na kufungua mkoba, miwani haikuwemo. Alipiga simu nyumbani, ikapokewa na mumewe, ambaye ni fundi cherehani na karakana yake iko barazani. Fundi alitoka mbio, akamkuta binti keshafika kituo cha basi. Binti alirudi nyumbani, akaitafuta miwani, akaikuta juu ya friji, akaanza safari upya.

Mwandishi wa wasifu huu hufundisha takwimu, na siku hiyo alikuwa msimamizi mwenza ndani ya chumba. Saa mbili kamili Bi Mabano alifunga mlango. Punde tukasikia hodi. Aliufungua kidogo. Binti alikuwa amesimama pale anahema, kipochi cha miwani mkononi.

"Asante, mwanangu," alisema Bi Mabano. Aliivaa miwani, akageuka kuitazama saa ya ukutani, ambayo sasa aliiona vizuri. "Umechelewa," akasema, na akafunga mlango.

Mwanafunzi mmoja wa mbele aliinua mkono kuuliza kama anaruhusiwa kulia. Aliambiwa aendelee na swali la kwanza.

Nyumbani kwa Bi Mabano mambo yalikuwa hivi, kwa maelezo ya fundi mwenyewe. Binti hakupiga kelele. Aliacha tu kuzungumza na mama yake. Wakati wa chakula Bi Mabano alikuwa akisema, "Mwambie mwanao chakula kinapoa," naye fundi, akiwa ameketi katikati, alikuwa akigeuka na kusema, "Mama yako anasema chakula kinapoa," na binti alikuwa akijibu, "Nimesikia, baba. Mwambie sina njaa." Fundi anasema katika wiki hizo aliongea kuliko alivyowahi kuongea maishani, na hakuna hata neno moja lililokuwa lake.

Mkuu wa chuo wa wakati huo alimwita ofisini. "Mwalimu," alimwambia, "mpe mtoto mtihani wake, yaishe. Hakuna atakayekulaumu."

"Yupo atakayenilaumu," alijibu Bi Mabano.

Alikuwa akimzungumzia mwanafunzi tuliyemwita Mama Pacha, aliyesoma asubuhi na kuoka mikate usiku katika tanuri moja mtaani. Muhula uliotangulia, siku ya mtihani, mmoja wa mapacha wake alipandwa na homa. Alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, amechelewa, kadi ya matibabu mkononi. Mlango haukufunguliwa. Baada ya hapo hakurudi tena chuoni, na sisi tulisema, kama watu wanavyosema, kwamba maisha ni magumu.

Kwa siku kadhaa Bi Mabano hakusahihisha kitu. Alikaa mezani, rundo la mitihani mbele yake, kalamu nyekundu imefunikwa. Siku moja alisema, bila kumtazama mtu, "Nikimfungulia wangu, yule wa mwenzangu nilimfungia kwa nini?" Tulimwambia sharti ni sharti. Akasema, "Sharti nililiandika mimi. Halikuanguka kutoka mbinguni." Kisha akachukua mkoba wake, akatoka kabla ya saa za kazi kwisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alikwenda kwenye tanuri. Yaliyotokea huko tumeyapata kwa Mama Pacha, ambaye leo tunaye hapa, safu ya tatu. Tangu aache chuo alikuwa akifanya kazi mchana pia, naye alikuwa akipanga mikate kwenye trei, unga umemjaa hadi kwenye viwiko, alipomwona mwalimu amesimama kwenye foleni ya wateja, anasubiri zamu yake.

"Umekuja kununua mkate, Mwalimu, au kuna jingine?"

"Vyote viwili. Nataka urudi ufanye mtihani."

Mama Pacha aliiweka trei chini. "Siku ile nilikuonyesha kadi ya hospitali. Hukuitazama. Uliitazama saa."

"Niliitazama saa," alisema Bi Mabano. "Nilikosea."

"Nimesikia habari za binti yako. Umekuja kwa ajili yake?"

Wateja nyuma walikuwa wameacha kulalamika, wanasikiliza. Bi Mabano angeweza kusema lolote lile la kupendeza. Alisema, "Ndiyo. Wewe peke yako ulitosha kuwa sababu, na mimi sikuona mpaka ilipofika kwangu. Hilo ndilo linalonitia aibu."

Mama Pacha alimfungia mkate mmoja, akachukua pesa, akamwambia atafikiri. Alifikiri kwa wiki nzima, na Bi Mabano hakwenda kumharakisha. Siku ya nane alikuja chuoni na swali moja: nani atawashika watoto?

Katika kikao cha idara Bi Mabano alisimama na kusema kwamba sharti la mlango ni baya, kwamba wote waliofungiwa nje mwaka ule kwa sababu ya kweli wapewe mtihani mwingine, na kwamba yeye asiutunge wala asiusahihishe, kwa kuwa mmoja wao ni mwanawe. Mzee mmoja wa idara aliuliza kama huu si mwanzo wa kulegeza mambo. Bi Mabano akamjibu kwamba yeye amefunga mlango kwa miaka kumi na saba na bado watu hawajui kufungua mabano, kwa hiyo huenda shida haikuwa mlango. Hoja ikapita.

Mtihani ulitungwa na mwandishi wa wasifu huu. Watahiniwa walikuwa wawili. Bi Mabano hakuruhusiwa kuingia, akabaki kwenye ujia, akitembea. Kwenye benchi la ujia alikaa fundi cherehani na pacha mmoja kila goti. Mmoja alilala. Mwingine alikuwa ameivuta futi ya kupimia shingoni mwake na kuimeza kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Mama Pacha alifaulu kwa alama za juu kabisa za mwaka ule. Binti alifeli.

Tuliikagua karatasi yake upya, watu wawili, kwa nia ambayo haikuwa safi. Hapakuwa na alama ya kuokota. Kazi ya kumpelekea mama habari iliniangukia. Aliipokea, akauliza tu kama karatasi imesahihishwa kwa haki. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akainuka kwenda nyumbani.

Jioni hiyo fundi alikuwa amekaa tayari katikati ya meza, amesafisha koo. Hakuhitajika. Binti aliweka kijiko chini, akamgeukia mama yake mwenyewe.

"Mama. Swali la tatu lilikuwa na mabano?"

"Nimeambiwa lilikuwa nayo."

"Mimi nilidhani hata ukiyaacha haidhuru."

Fundi anaapa kwamba Bi Mabano ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na binti naye akacheka, kisha wakalia wote wawili, na chakula kikapoa bila mtu kumwambia mtu. Binti akasema, "Ulinifungia mlango, Mama." Akajibiwa, "Nilikufungia, mwanangu. Nisamehe." Fundi aliondoka mezani akaenda kushona suruali ya mteja, ingawa mteja huyo hakuwa na haraka.

Binti alirudia somo, kiti cha mbele, kwa mwalimu yuleyule, na akafaulu. Leo ni mfamasia katika hospitali kubwa, ambako anajulikana kwa kusoma kila dawa mara mbili. Mama Pacha alimaliza chuo, akawa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Mapacha wako kidato cha pili. Mmoja anapenda hesabu, na yule aliyemeza futi hataki kuzisikia.

Sharti jipya la mlango linasema kwamba anayechelewa atabisha hodi, atasikilizwa, kisha itaamuliwa kama atafunguliwa. Limetumika kwa miaka kumi na minne. Wapo waliofunguliwa, na yupo kijana aliyeeleza kwa kirefu jinsi alivyokuwa akitafuta kiatu cha kushoto. Bi Mabano alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza maswali mawili kuhusu kiatu hicho, na hakumfungulia.

Wiki iliyopita alifundisha kipindi chake cha mwisho. Wahadhiri kadhaa tulijipenyeza nyuma, karibu na lile dirisha. Mada ilikuwa milinganyo ya herufi mbili. Aliikamilisha, akafuta ubao, akapangusa mikono. Darasa zima likasimama na kupiga makofi. Alitusubiri tumalize.

"Kaeni," alisema. "Zimebaki dakika nne." Tukakaa, na sisi wahadhiri pia, na akatupa zoezi. Mhadhiri wa takwimu alilikosa.

Bi Mabano, tunakushukuru kwa kutufundisha ubaoni, na kwa ile siku uliyosimama kwenye foleni ya mkate. Mumeo ametuambia kwamba umeshamuuliza ratiba ya wiki ijayo naye amekataa kukupa. Mkubalie. Jumatatu amka ukitaka, unywe chai ikiwa bado ya moto, ukae barazani uone mtaa unavyoonekana mchana. Uwe na afya, uwe na raha, na wanao wakujie mara kwa mara bila sababu yoyote ya maana.