Sagal Juu ya Jiwe Jekundu

Mheshimiwa mgeni wetu rasmi. Mwalimu Idil, uliyetukusanyia picha hizi. Masheikh na wazee wetu. Mama mkwe wangu, ambaye bado naogopa kukutazama usoni. Ndugu wageni mliojaa katika ukumbi huu wa maktaba hapa Garissa: Assalamu alaykum.

Naitwa Noordin. Mimi si mpiga picha. Mimi ni mume wa mpiga picha, na cheo hicho nimekipata juzi tu, ndiyo maana mnanisikia nikikitaja kwa sauti. Sagal amekataa kuzungumza, amesema picha zinatosha. Basi nasimama mimi, na shemeji zangu walioahidi kunivuta kanzu nikizidisha sifa wakae tayari.

Wengi wenu mmesimama mbele ya ile picha kubwa ya majabali mekundu, mkauliza ni wapi. Ni karibu na Rhamu. Lakini imepatikanaje? Hilo ndilo ninalolijua.

Mwalimu Idil alimwekea Sagal nafasi moja ukutani, ya picha ya nchi yenyewe, isiyo na mtu wala mnyama. Mnajua nafasi hiyo ilikuwa na maana gani kwake? Mjini humu kila mtu humwita kupiga picha za harusi. Hakuna aliyewahi kumuuliza nchi yetu inaonekanaje machoni pake. Basi tulipofunga ndoa na kupanga kwenda Rhamu kumsalimu shangazi yangu, kamera iliingia garini kabla ya halwa.

Ndugu zangu, mmewahi kusafiri na mtu anayeshangaa? Mimi nimepita barabara ya Wajir tangu utotoni, na kwangu jiwe lilikuwa jiwe. Sagal alinisimamisha kila mara. Kwa nini hili lina rangi ya kutu asubuhi, na jioni linafanana na ini? Kwa nini lile lina mikunjo, kama kwamba lilikunjwa likiwa bichi? Nani aliliacha hapa peke yake? Sijawahi kuufurahia ujinga wangu namna ile.

Huko Rhamu alichagua jiwe pana ambalo ukipanda juu yake unayaona majabali yote yamejipanga mbele yako. Alitaka mwanga wa jioni. Lakini mnatujua sisi: mtu anayesimama juu ya jiwe akitazama mbali amepotelewa na ngamia. Wakaja wachungaji wawili, wakapita katikati ya picha, wakauliza ngamia wetu ana alama gani. Nikawaambia hatujapoteza mnyama. Wakadhani naona haya kusema, wakaenda kumtafuta. Kesho yake wakarudi na wenzao kutueleza kwamba hawajamwona. Na mtu akikuletea habari, utamfukuza? Utamuuliza mvua, malisho na afya ya watoto, mpaka jua lizame. Sagal akakunja stendi ya kamera. Ilibaki jioni moja tu kabla ya kurudi.

Jioni hiyo alikuja mama mzee, Fatumo, anayelima vitunguu kando ya mto Daua. Yeye hakuuliza habari za ngamia. Aliona hina mikononi mwa Sagal, akaona amegeukia kusini, upande wa Garissa, akanikabili mimi.

"Umemfanya nini mtoto wa watu? Bibi harusi hapandi jiwe kutazama kwao ila amemchoka mwanamume."

Nikajitetea. Akasema wote husema hivyo. Akaniuliza kama nakoroma, na kama mama yangu ni mkali. Wale wachungaji, waliokuwa wakipanda tena kutujia, wakasimama ili wasikose majibu. Mwanga ulishaanza kuiva. Nilimwona Sagal akiuma mdomo, nikajua kwamba jioni ile ikimponyoka, nafasi yake ukutani itabaki tupu, naye atarudi kwenye harusi za watu.

Akashuka, akamshika yule mama mkono, akamwita ayeyo, kama bibi yake mwenyewe.

"Ayeyo, sitazami nyumbani. Natazama majabali."

"Yana nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nayatazama."

Ayeyo akapanda naye. Akainamia kamera, jicho moja amelifunika kwa kiganja, akakaa hapo mpaka tukaingiwa na wasiwasi. Alipoinuka alisema amechunga mbuzi chini ya majabali yale tangu utoto wake, wala hakuwahi kuyaona yamekaa pamoja kama ndugu. Kisha akauliza sisi wanaume tunafanya nini pale mbele.

Alishuka akawakalisha wachungaji chini ya jiwe, akanikalisha na mimi, akatukataza hata kukohoa. Aliyetaka habari alipewa na yeye mwenyewe, kwa mnong'ono: nani ameoa, kisima kipi kina maji. Juu yetu kamera ikalia.

Picha ndiyo ile. Ukiitazama utadhani nchi ile haina watu. Ndugu zangu, chini kidogo tu ya ukingo wake wamekaa wanaume wazima, fimbo mapajani, vichwa wameviinamisha ili mke wangu aone vizuri. Mmoja wao tu ndiye aliyekaidi, akainua kichwa. Majabali yalikuwa yanawaka, wanasema. Mimi sikuyaona. Nilikuwa namtazama aliyekuwa akiyatazama.

Mheshimiwa, wazee wangu, wageni wetu wapendwa, mmeuvumilia mdomo wa bwana harusi, Mungu awalipe. Kwa masikio yenu na subira yenu, asanteni sana.