Pampu Mgongoni mwa Maeng Du-cheol

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Huko jikoni, naomba mpunguze kidogo kelele za vyombo. Leo tunamkumbuka Maeng Du-cheol wa mtaa wa juu, hapa hapa Gamsil.

Du-cheol alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi, nyuma ya shule ya msingi. Alikuwa anatafuta kazi ya serikali. Narudia, maana sokoni kuna waliosimulia mengine: hakuanguka mlimani, wala hakuwa amelewa. Alikuwa kwenye mtihani wa walinzi wa moto wa msitu. Siku hiyo hiyo alitimiza miaka sitini na miwili.

Wengi mlimjua kiwandani, kwenye kiwanda cha nyuzi. Alikuwa fundi wa mashine, na zile mashine zilimzoesha kupayuka. Hata nyumbani, akiomba chumvi, jirani wa tatu anasikia. Kiwanda kikafungwa. Du-cheol akarudi nyumbani na glavu zake mfukoni, na nyumba ikawa kimya kwa mara ya kwanza.

Akaomba kazi ya kulinda magorofa mapya. Wakamwambia watampigia simu. Akaomba kuosha vyombo kwenye mgahawa wa tambi. Mwenye mgahawa akamwinamia kwa heshima zote, akamwita mzee wetu, kisha akamchukua kijana. Heshima ya namna hiyo hailiwi, wasikilizaji wapendwa.

Aliyeleta habari ya kazi ya msitu ni Ok Bong-su. Huyu Bong-su walikuwa naye kiwandani, mashine kwa mashine, na kwa kuwa Du-cheol alimzidi miaka miwili, Bong-su alimwita kaka.

"Kaka, wanatafuta watu kumi," Bong-su alisema. "Majira yote ya ukame unakaa mlimani na koti jekundu, ukiona moshi unapiga simu. Kazi ya serikali!"

"Serikali inalipa kwa wakati?"

"Mshahara hauchelewi. Kinachochelewa ni barabara tu."

"Na mtihani?"

"Unabeba pampu ya maji mgongoni, kilo kumi na tano. Unapanda kilima cha shule, unazunguka, unashuka. Wa kwanza kufika ndio wanaopata."

"Kwa hiyo wanataka punda."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, kaka."

Wakacheka. Mke wa Du-cheol, Mama Haerin, alikuwa anaanika pilipili uani. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaona kitu.

Alichoona ni hiki. Wiki ile ile, Du-cheol alibeba gunia la pilipili kulipandisha darini. Alipofika katikati ya ngazi alisimama. Akaweka kiganja kifuani, akakisugua polepole. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

"Baba Haerin, una nini?"

"Gesi. Kabichi yako ya jana hiyo."

"Kabichi haipandi mpaka kwenye bega. Twende hospitali."

"Baada ya mtihani."

Jibu lilikuwa hilo hilo kila siku. Binti yao Haerin alipiga simu kutoka mjini, naye akajibiwa: baada ya mtihani. Bong-su alimwona amesimama njiani anahema kama aliyefukuzwa. Akamuuliza. Baada ya mtihani. Mimi nawaambia wazi, jibu hilo hunitia hofu mpaka leo, maana katika nyumba nyingi za bonde hili nalisikia.

Asubuhi ya mtihani ikafika, na ndiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Kwetu, siku ya kuzaliwa bila supu ya mwani si siku ya kuzaliwa. Lakini nyote mnajua na jambo la pili: anayekula mwani asubuhi ya mtihani, huteleza kama huo mwani, akafeli. Mama Haerin alikuwa ameshaloweka mwani tangu jana yake. Akaumwaga. Badala yake akampa peremende ya mchele, ile inayonata, ili na yeye anate kwenye hiyo kazi.

"Nikamwambia supu atakula jioni, akishapita," Mama Haerin alituambia. "Akasema, basi mimi nitazaliwa jioni. Nilimnyima supu, jamani. Nilimtoa nyumbani na njaa siku yake ya kuzaliwa."

Pale shuleni walikuwa zaidi ya arobaini, karibu wote wana mvi. Ofisa akapanda kwenye kiti, akashika kipaza sauti.

"Wazee wetu, kuna mwenye ugonjwa wa moyo? Kuna mwenye shinikizo la damu? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Arobaini na ushei, wote wazima! Wengine walikuwa na vidonge mifukoni wakati ule ule. Bong-su alimtazama kaka yake. Kaka yake akatazama kilima.

Wakapanda. Du-cheol alikwenda vizuri, wanasema, kichwa chini, bila kusimama. Aliposhuka na kuvuka mstari aliketi ukutani, pampu bado iko mgongoni. Bong-su akafika nyuma yake, akaanza kumfungua mikanda. Mikono ya Du-cheol ilikuwa baridi.

"Nimekuwa wa ngapi?"

"Wa nane, kaka. Umeipata."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Nimekuwa wa ngapi.

Siku ya pili ya msiba, watu wakinywa supu ya nyama, simu ya marehemu ikaita. Haerin akapokea. Ilikuwa ofisi: hongera, Bwana Maeng afike Jumatatu. Haerin akasema baba hawezi kuja. Huko ofisini walikuwa hawajaambiana. Sauti ikajibu kwamba asipofika, nafasi itapewa aliyekuwa wa kumi na moja.

Wa kumi na moja alikuwa Bong-su. Alikuwa pale pale, ameshika sinia la bakuli.

"Siitaki," akasema. "Shemeji, naapa siitaki."

Mama Haerin akamjibu mbele ya watu wote. "Utaichukua. La sivyo mume wangu alikimbilia nini?"

Akaichukua. Alivaa koti jekundu mpaka msimu ukaisha. Na kazi ile, wasikilizaji wapendwa, kila mwaka hufanyiwa mtihani upya, hata kwa aliyekuwa nayo. Wa mwaka huu ni keshokutwa.

Kwa Mama Haerin, kwa Haerin, na kwa ukoo wote wa Maeng, sisi wa redio hii tunawapa pole, na tunainamisha vichwa. Nanyi mnaosikiliza, mtazameni vizuri yule mtu wenu aliyepoteza kazi. Mtazameni anapopanda ngazi.

Mama Haerin ndiye aliyetuomba kipindi hiki, na alitaka kitangazwe leo, si wiki ijayo. Alisema hakitaki kwa ajili ya mumewe. Anataka Bong-su asikie. Kwa hiyo kabla ya kuanza tulipiga simu nyumbani kwa Bong-su, tumwambie afungue redio. Mkewe akapokea. Alisema mumewe hayupo, ametoka tangu alfajiri kwenda kilima cha shule, na mfuko wa mchele wa kilo kumi na tano mgongoni.