Maisha ya Ardith Brekke na Nyumba Aliyokataa Kuimaliza

Mchungaji, majirani zetu wa kambi ya Palo Seco, jamaa mliokuja kutoka Dakota Kaskazini mkaiacha theluji imefika madirishani, na wewe Marit mwanangu uliyekaa hapo mbele, mimi ni Lavonne, dada mkubwa wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, na kwa kuwa shule niliiacha mapema ili nilee wadogo zangu, akiwemo huyu tunayemzika leo, nitasema kama ninavyosema siku zote, na nitakapokasirika mtanivumilia, maana nina hasira tangu mwaka 2014 na bado sijazimaliza.

Ardith alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, shambani kwetu karibu na mji wa Rugby, Dakota Kaskazini, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Baba yetu Nels Tweten na Mama yetu Gunda, akabatizwa mwezi huohuo katika kanisa la Kilutheri, na tangu alipojua kushika bisibisi hakuna kitu cha pale nyumbani kilichopata usingizi. Alipokuwa na miaka sita aliifungua mashine ya Mama ya kutenganisha krimu, akaipanga vipande vipande juu ya gunia, Baba akaingia kutoka kukamua, akashika kiuno na kusema, “Ardith, hiyo ilikuwa inafanya kazi!” naye akajibu bila kuinua kichwa, “Ndiyo Baba, lakini ilikuwa inapiga kelele.”

Alianza shule mwaka 1957 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa ng'ambo ya shamba letu, akamaliza sekondari mjini Rugby mwaka 1969, ambako aliomba darasa la ufundi wa mbao akapelekwa darasa la mapishi, na ndiyo maana, nyote mliowahi kula kwetu, alipika vile. Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha matrekta mjini Fargo, idara ya nyaya, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2009, na wenzake wawili wa idara hiyo wameendesha gari siku mbili ili wawe nasi leo.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Gaylen Brekke, mwanamume mpole, ambaye kila alipoingia jikoni aliuliza kwanza, “Mke wangu, leo mlango uko upande gani?” na tarehe 2 Novemba 1979 Mungu akawapa mtoto wao wa pekee, Marit, ambaye alikuja kuwa mwalimu wa watoto wadogo mjini Duluth, Minnesota. Mwaka 2010 walinunua nyumba ya magurudumu, ile aina ambayo shingo yake hulala ndani ya pikapu, wakikusudia kuhamia kwenye jua, lakini Gaylen alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka uliofuata, na mimi nilikuwa nimeshafiwa na mume wangu, basi Ardith akanipigia simu akasema, “Dada, funga sanduku, tunaondoka,” na Oktoba 2012 tukafika hapa Deming, New Mexico, tukaegesha katika kambi hii ya nyumba za magurudumu, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Wenye nyumba hizi mnajua, wasiojua niwaambie, kwamba humo chumba cha kulala na choo viko juu kwenye shingo, sebule na jiko viko chini, na katikati kuna vidato. Mwanzoni Ardith alibadilisha vitu vya kawaida, akafunga sola juu ya paa, akang'oa meza ya kulia akaweka nyingine ya kukunja, na asubuhi moja nilitoka kitandani nikakuta kiti changu kimekuwa kabati. Nilipouliza nitakaa wapi, aliniambia nifungue droo ya chini na kuivuta, kumbe kiti kiko humo. Hayo niliyavumilia.

Mwaka 2013 Marit aligundulika na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaokula nguvu za mwili polepole, na Krismasi ya 2014 alikuja kwetu na kiti chepesi cha magurudumu, cha kukunjwa. Kila alipotaka kwenda chooni mimi na mama yake tulimpandisha, mmoja kwapani, mmoja magotini, tukageuka naye kama watu wanaohamisha kochi, tukitania ili asione aibu. Siku ya tatu niliona kikombe chake cha kahawa kimejaa mpaka juu, na cha maji kimejaa, na midomo yake imepasuka kwa ukavu wa jangwa hili, nikamuuliza, “Marit, mbona hunywi?” akasema, “Sina kiu, mama mkubwa.” Ardith alikuwa anaosha vyombo, alisikia, akaacha kuosha. Marit alipoondoka, mdogo wangu aliniambia, “Huyu mtoto harudi humu mpaka aweze kwenda chooni mwenyewe na kujifungia mlango,” nami nikasema vizuri sana, nikadhani ni kazi ya majira ya baridi moja.

Ndugu zangu, choo kilishuka kutoka shingoni kikahamia nyuma, mahali palipokuwa na kochi na dirisha langu kubwa, na choo kikihama lazima tangi la uchafu nalo lihame. Mwaka 2015 na 2016 Ardith alikuwa amelala chali chini ya nyumba akichomelea vyuma vya kulibeba hilo tangi, kisha akakuta plaiwudi ya sakafu imeoza, akaing'oa, tukatembea juu ya mbao kama kuku kwenye ngazi, kisha bomba likakosa mteremko, maji ya kuoga yakawa yanakuja jikoni kunisalimia. Kila nilipouliza aliniambia, “Bado kidogo, dada.”

Mwaka 2018 tuliivuta mpaka kwenye mizani ya malori, tukiwa na jirani yetu Orrin Stubbe, aliyeendesha malori mpaka magoti yalipomkataa, akatazama tarakimu, akavua kofia, akasema, “Bibi wewe, uzito wote umeupeleka matakoni. Ukishika barabara kuu na kitu hiki kitatikisa mkia mpaka kikutupe mtaroni.” Ardith akamuuliza afanye nini, Orrin akasema, “Rudisha choo kilipokuwa,” na hakupewa tena salamu mpaka Pasaka. Mimi nilimwambia, mdogo wangu, basi isiende popote, iache hapahapa, mwite mtoto aje, akanikemea, “Nataka nimfuate mlangoni kwake, apande, twende tunakotaka. Nyumba ya magurudumu ikikaa tu ni banda la kuku!” Akahamishia betri mbele, akahamishia tangi la maji safi mbele, akabadilisha ekseli zote mbili na springi zake, akazipaka na rangi, kana kwamba kuna mtu angelala chini kuzitazama.

Marit alipiga simu kila Jumapili, nasi tulimsikiliza sote wawili kwa spika. Alisema, “Mama, hapo kambini kuna choo cha jumuiya, mlango mpana, nitatumia hicho,” mama yake akasema, “Utoke nje gizani na tochi mdomoni? Sitaki kusikia.” Marit akasema, “Mama, nakuja kukuona wewe, siji kukagua choo,” na yeye, “Bado kidogo, mwanangu.” Kila Juni mimi nilipanda basi kwenda Duluth, nikamwomba Ardith twende wote, akasema akienda mikono mitupu atamwambia nini mtoto. Niliporudi nilimpa habari, kwamba sasa anashika kijiko kwa mikono miwili, kwamba ameacha kufundisha, naye akasikiliza huku akichonga kitu, machozi yakimlengalenga, akachonga kwa kasi zaidi. Namtafuta mtu aliyebuni futi ya kupimia, nina maneno naye.

Kazi ilikwisha mwishoni mwa 2022, na tarehe 11 Februari 2023 Marit aliwasili akiendesha gari lake mwenyewe kwa mikono, majirani mkapanga viti nje, Orrin akapiga makofi, na Marit akashuka na kiti kipya, kile cha umeme, kinene, chenye betri chini, kwa kuwa mwili haukumwezesha tena kutumia kile cha zamani. Akapanda njia ya mteremko aliyojengewa na mama yake mlangoni, ikamhimili, akaingia sebuleni, akageuka vizuri, akaelekea chooni, akakwama. Mlango ulikuwa umepimwa kwa kiti cha 2014. Marit akasema, “Mama, ni kizuri sana, kweli,” na Ardith akatoa futi mfukoni, akapima, akasema, “Inchi mbili. Bado kidogo.” Nilimpigia kelele mbele ya wageni, na waliokuwepo mnakumbuka.

Ukuta ule ulikuwa na nyaya, na mota ya ubavu wa nyumba unaosukumwa nje, haukuwa ukuta wa kukatwa kwa siku moja. Marit alilala hoteli mjini, mchana akaja kukaa nami nje chini ya turubai, tukasikiliza msumeno. Akaniuliza, “Mama mkubwa, hivi humo atatoka lini?” Nilimmiminia kahawa nyingine, na mwisho wa wiki akaondoka, akiwa amemwona mama yake zaidi mgongo.

Kupanua mlango kulichukua mpaka Agosti 2024. Septemba Ardith alianza kukonda, tukasema ni kazi, kisha macho yakawa ya njano, tukampeleka hospitali ya Las Cruces, na tarehe 3 Oktoba daktari alituambia ni saratani ya kongosho na imeshatembea. Ardith akamuuliza kama anaweza kwanza kumalizia mbao za ukingoni. Daktari alidhani anatania.

Alilala kitandani kwake, juu kwenye shingo, mahali pekee ambapo, mbali na kuondoa choo, hakuwahi kupagusa, kwa sababu Marit hakuwa na haja ya kufika huko. Tarehe 14 Desemba Marit alifika, akapanda mteremko, akapita sebuleni, akaingia chooni na kiti chake chote, akafunga mlango, na sisi tukasikia kitasa. Mama yake alisikia kutoka kule juu, akasema, “Dada, umesikia? Kimefungika.” Nikasema nimesikia. Marit akatoka, akaja mpaka kwenye vidato, hapo kiti hakipandi, na Ardith hawezi tena kushuka, wakabaki wanaitana, “Mama!” “Nipo, mwanangu!” kama watu walio kwenye kingo mbili za mto, ndani ya nyumba niliyoweza kuivuka kwa pumzi moja.

Nilitoka nje nikamwita Orrin, nikamwambia, lete wenzako na vifaa, ng'oeni choo, hapo ndipo pekee godoro na kiti vitaenea pamoja. Akasema, “Lavonne, atatuua,” nikamjibu kwamba kwa hali yake hawezi kuwafikia. Waliingia wanaume wanne na mama mmoja fundi bomba aliyekuwa akipitisha msimu hapa kambini, wakaanza, na kutoka juu tukasikia sauti yenye nguvu kuliko wiki zote zilizopita, “Nani kashika drili yangu? Orrin! Hicho kiwiko cha bomba usikikate, kifungue! Zungusha kuelekea kushoto, mjinga wewe!” Orrin akajibu, “Ndiyo bosi,” huku akijifuta uso kwa kofia, na hakuwa anafuta jasho. Mchana uleule choo kikawa nje kwenye changarawe, godoro likawekwa pale nyuma ubavuni mwa mlango ule mpana, tukamshusha Ardith kwa blanketi. Alitazama ukuta, akasema, “Mmeniachia matundu,” Marit akasogeza kiti mpaka kikagusa godoro, akasema, “Mama, nyamaza,” na mdogo wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote, akanyamaza.

Tangu siku hiyo Marit alitumia choo cha jumuiya, usiku na tochi yake mapajani, hakuanguka, hakulia, akirudi alitusimulia nani amemkuta huko na kavaa nini, na mama yake akacheka mpaka akashika tumbo. Miaka yote ile, jamani. Kile choo kiko hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na kilikuwepo tangu tulipoegesha.

Ardith aliaga dunia Jumapili tarehe 19 Januari 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Ameacha mtoto mmoja, dada mmoja, na nyumba isiyo na choo, ambayo mimi na Marit tutaendelea kukaa humo mpaka Aprili, na mwenye mawazo ya kuiboresha naomba sana abaki nayo kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Las Cruces waliomtibu na kumstahi, muuguzi aliyekuja kumtazama nyumbani akaruka mbao na nyaya bila kulalamika, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha Fargo kwa shada la maua, na majirani wa Palo Seco, hasa Orrin na wale walioshika bisibisi siku ile, Mungu awalipe, maana mlitengeneza kwa mchana mmoja kile alichokuwa anakitafuta. Chakula kiko ukumbini, kahawa ipo, na chapati za viazi nimepika kama Mama alivyotufundisha.

Mdogo wangu, nilikupenda, na bado nimekukasirikia, vyote viwili utakwenda navyo. Huko uliko pamejengwa pakaisha, milango yake mipana, usiguse kitu. Pumzika, Ardith, pumzika kwa amani.