Chai ya Kuvuta

Hapana, Mama Mghoi, sikai chini. Nimekusikia vizuri. Umesema mbele ya watu ati ushuhuda ni wa mtu aliyetoka kwa pombe, ama aliyetolewa mapepo, si wa msichana aliyekuwa akicheza na majani ya chai. Umesema, "Huo ni ujinga wa watoto, Wakesho, si dhambi. Kunywa maji uendelee na maisha." Watu wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Lakini ni wewe, jirani yetu, ulimshika mdogo wangu Saru miguu tukimpakia kwa gari. Uliona rangi ya midomo yake. Kwa hivyo niache niongee, na ukitaka kunikaripia, ngoja nimalize.

Ndugu zangu, jina la Yesu liinuliwe hapa Voi! Liinuliwe tena! Nimekuja na daftari langu kwa sababu mimi huandika kila kitu, na sitaki kuongeza chumvi. Mahali daftari limenyamaza nitawaambia limenyamaza.

Mnajua nilimaliza form four nikabaki nyumbani. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu Saru, yeye anasoma Bura, anakuja likizo. Baba analima ndizi kule Bomeni, tunamwona mara moja moja. Mama yetu alifariki mwaka juzi. Wakati wa matanga binamu yetu wa Mombasa alisahau vape yake, ile sigara ya betri, kwetu chini ya kiti. Ilikuwa na harufu ya matunda, tamu hadi kichwa kinauma. Nikajiambia, mbona hakuna ya chai? Sisi watu wa hapa bila chai hata kuamka hatuamki. Na mimi nilikuwa mzuri kwa kemia. Nikasema nitaitengeneza mwenyewe.

Ndugu zangu, shetani hakuja na pembe. Alikuja na kijiko na kichujio.

Mara ya kwanza nilimimina chai kabisa, chai ya maziwa na sukari. Si mnaweza kukisia! Pamba ya ndani iliungua, nyumba ikanuka maziwa yaliyomwagika kwa moto, na Saru akasema, "Wakesho, umechoma ng'ombe?" Nikaosha, nikaweka pamba mpya. Nikachukua glisarini, hii tunapaka mikono, nikaloweka majani ndani yake. Kwa simu niliona lazima usubiri wiki kadhaa. Mimi nilisubiri siku mbili. Ilikuwa kama kuvuta nyasi. Nikaiweka chupa juu ya mabati, si jua la Voi mnalijua, ikatoka nyekundu kama maji ya kutu na ikanikwaruza koo. Nikapunguza na maji, ikaanza kutema matone ya moto, hapa kwa mdomo bado kuna alama. Nikaongeza tangawizi. Nikaongeza mchaichai wa shambani kwa Nyanya, kule Mghange. Nikachuja mara tatu kwa kipande cha leso. Daftari linasema: "Ya tano: harufu ya sanduku la nguo." Halafu: "Ya sita: karibu. Kuna kitu kinakosa."

Ya saba sikuweza kungoja. Nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya mdalasini, nikatia matone. Mafuta! Ndugu zangu, shikeni hapo, kwa sababu hayo mafuta ndiyo karibu yamuue mtu.

Ilikuwa saa tisa mchana. Jua la kuua, barabarani hakuna mtu, hata kuku wamelala. Nikavuta, nikatoa. Na ile harufu iliyotoka haikuwa ya chai tu. Ilikuwa chai ya Mama. Tangawizi iliyopondwa na maganda yake, sufuria iliyoshika kidogo chini, na moshi wa kuni. Mimi sikuweka moshi. Sisi tunapikia gesi tangu Mama aondoke.

Na ule mvuke haukupanda. Kila mvuke mnaoujua unapanda. Huu ulishuka, ukaenda polepole hadi kwa kile kigoda cha jikoni Mama alichokuwa akikalia, ukasimama juu yake, kimo cha mtu aliyekaa. Ukabaki hapo. Dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia, pazia linacheza, na ule mvuke hauchezi. Nilisema, "Mama?" Nilisema kwa sauti. Ukaisha, mara moja, kama mtu ameinuka.

Mtu mwenye akili angemwaga hiyo kitu chooni. Mimi niliandika "Ya saba: NDIYO" na nikatengeneza chupa tatu.

Sasa nifike mahali daftari limenyamaza. Wiki ambayo Mama alifariki, tulikuwa mimi na yeye tu nyumbani. Aliniomba chai. Mimi nilikuwa na haraka, mnanijua, nikaitoa kabla haijachemka vizuri. Akaonja akasema, "Hii haijaiva, Wakesho. Rudisha jikoni." Nikamjibu, "Basi jipikie." Nikatoka. Hakuitisha chai tena. Kwa hivyo msidanganyike na kemia yangu. Nilikuwa na hasira na Mama kwa kuondoka na hayo maneno yakiwa ya mwisho, na nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, na hiyo hasira niliiloweka ndani ya hiyo chupa pamoja na majani.

Saru alipokuja likizo alinusa, akalia, akaniomba chupa moja. Nilimpa. Ni mimi nilimpa. Akawa anavuta kila siku saa tisa, amekaa kwa kigoda, anasema inamtuliza. Siku ya nne nilimkuta anaangalia ukuta, vape iko kwa paja, imezimwa. Sikuwa nimemwambia kitu. Hakuna mtu alikuwa anajua, kwa sababu tulikuwa wawili na mmoja tumemzika. Saru akafungua mdomo, bila kugeuka, akasema, taratibu vile Mama alikuwa anaongea:

"Hii haijaiva, Wakesho. Rudisha jikoni."

Nikamtingisha. Akasema, "Nini? Mbona unanivuta hivyo?" Hakukumbuka lolote.

Nilitoa betri, nikaifunga vape kwa karatasi, nikaificha juu ya kabati, na chupa yangu na yake nikazimwaga. Kesho yake saa tisa ile harufu ikaja peke yake. Mama Mghoi, na wewe ni shahidi! Si ulipita dirishani ukasema, "Leo mmepika chai ya maana, nipimie kikombe"? Nilikuambia imeisha. Mama Mghoi, hatukuwa tumepika. Jiko lilikuwa baridi tangu asubuhi.

Jioni hiyo Saru akaanza kukohoa. Asubuhi alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya kwa mrija ulioziba. Tulimpeleka hospitali, akawekwa oksijeni. Daktari aliniita pembeni. "Kuna mafuta kwa mapafu. Amevuta nini? Nani alitengeneza?" Nikasema sijui, labda ni wenzake wa shule. Ndugu zangu, mdogo wangu alikuwa anakufa na mimi nilikuwa naficha daftari ndani ya sketi.

Siku tatu. Saa tisa ikifika, wadi ile yote inanuka dawa, lakini kitanda cha Saru kinanuka chai.

Siku ya tatu Nyanya akashuka kutoka Mghange. Nyanya yangu ni mtu wa kanisa, ameongoza kina mama tangu sijazaliwa. Aliingia, hakusalimia mtu, akasimama kwa kitanda akavuta hewa na pua. Akauliza, "Nani amemkaribisha binti yangu humu?" Saru ni mjukuu wake. Binti yake alikuwa Mama.

Akanishika mkono hadi nje, kwa mfereji nyuma ya hospitali. Nikamweleza yote, hata daftari nikampa. Alilishika kama anashika nyoka. Akasema, "Mjukuu wangu, unajua kutasa?" Nilikuwa nimesikia tu, nilidhani ni mambo ya wazee. Akaniambia zamani Mdawida, mtu wa milima yetu hii, akiwa na hasira na mtu wake, hasira hiyo inaleta ugonjwa kwa boma. Basi mwenye hasira anajaza kinywa, maji ama pombe ya muwa, anayatema kama manyunyu na kusema wazi, kitu kilichokuwa moyoni kitoke. Akaniangalia. "Wewe umetasa kinyume. Ulijaza kinywa, ukapuliza, na neno ukalibakisha ndani. Badala ya kutoa hasira ukamwingizia mtoto."

Najua kuna wenye watasema hapo Nyanya aliingia kwa mila. Semeni. Mimi nilimsikia akiomba, na aliomba kwa jina la Yesu, si lingine. Alinijazia maji kinywani kwa kiganja chake. Akasema nikishatema nitamke, na nisigeuke nyuma nikisikia chochote.

Nilitema chini. Nikasema, "Mama, nilikukasirikia. Nilikunyima chai. Nisamehe. Mungu, nisamehe." Maji yalikuwa ya mfereji, baridi, lakini pale yalipogusa mchanga palitoka mvuke na harufu ya chai iliyoiva kabisa. Nyuma yangu nikasikia kigoda kikivutwa kwa sakafu. Tulikuwa nje, hapakuwa na sakafu wala kigoda. Nyanya akanibana mkono: "Usigeuke, mwana. Usigeuke." Sikugeuka! Utukufu kwa Mungu, mimi mwenye haraka ya kila kitu, nilisimama hapo hadi kukawa kimya. Na kukawa kimya kweli.

Nikaenda kwa daktari nikamwambia ni mimi. Alinigombeza sawasawa, lakini alijua sasa anatibu nini. Siku mbili baadaye Saru alitolewa oksijeni. Jambo la kwanza alilosema ni, "Nina njaa, na usiniletee chai." Mwacheni Mungu aitwe Mungu!

Lakini ndugu zangu, ushuhuda haujaisha, na hapa ndipo Mama Mghoi ananivuta nguo nikae. Nilisema chupa tatu. Yangu na ya Saru nilizimwaga. Ya tatu nilimpa Mshai, mwenzake Saru wa shule mwenye vape yake mwenyewe, aliyekuja kututembelea mwanzo wa likizo akarudi kwao Bura. Babake ni mzee wa kanisa, nyote mnamfahamu. Nyanya sikumwambia. Daktari sikumwambia. Nilituma ujumbe kwa Mshai, mwage hiyo kitu, na akajibu sawa, na mimi nikaamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Jana alinitumia ujumbe mwingine. Nausoma vile ulivyo: "Wakesho kuna mama anakaa jikoni kwetu saa tisa. Haongei vibaya. Lakini ananiita kwa jina lako. Halafu kifua kinanibana, nimwambie nini?"

Nimepiga simu kutoka jana. Haishikwi.

Mama Mghoi, umeniambia nje pale, "Ukienda kwa mzee na habari za vape, utamwaibisha, utatuaibisha sote, ombea tu kimya kimya." Nimeomba. Usiku kucha nimeomba, na kila nikiomba naona kiganja cha Nyanya chenye maji. Nimegundua Mungu alinisamehe, ila mimi bado nimebakisha maji kinywani.

Kwa hivyo wewe mwenye umekaa hapo na neno lako umelifungia, ukisema ni dogo, ni la kitoto, nakusihi, mwamini Yesu na ulitoe. Hachoki kusikia. Ulitoe kabla halijapata mtu mwingine wa kukaa naye.

Kesho asubuhi, gari la kwanza, naenda Bura. Nyanya anashuka kutoka Mghange tukutane hapo barabarani, nimempigia leo na yeye pia nimemwambia ukweli. Tutabisha kwa mzee kabla hajaenda kazini. Nitampa daftari, nitasema mafuta niliyotia ni gani ili waende nalo hospitali, na nitasema mbele ya mke wake na watoto wake kwamba ni mimi. Halafu nitamshika Mshai mkono tutoke nje, nimjazie maji kinywani kwa kiganja changu, ateme kile nilichomwingizia.