Pikapu ya Bluu ya Maramba

Benchi letu liko Ngamiani, ubavuni mwa duka lililofungwa siku nyingi, na miguu yake miwili ya kushoto imesimamishwa juu ya matofali. Kila baada ya alasiri Abdulghani anatua hapo na birika lake la kahawa, na sisi tunatua naye: Shekhe, anayeitwa hivyo kwa sababu ya kanzu tu, Kona, dereva mstaafu wa malori, ambaye hajawahi kusimulia jambo bila kulipindisha, na Spoku, anayetengeneza baiskeli hapo hapo tulipokaa, mafuta ya mnyororo yakituchafua suruali. Na Zubeiri. Zubeiri hukaa mwisho wa benchi akitazama barabara. Arobaini ya mkewe, Mastura, imepita Ijumaa. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake, Maramba, uchungu ukamzidi, Zubeiri akamtia kwenye Probox yake kumkimbiza mjini. Njia nzima ya vumbi pikapu ya bluu ilikaa mbele yao ikitambaa. Hospitali mtoto alitoka mzima, wa kike. Mama hakuamka. Tangu siku ile sisi hatuna mazungumzo mengine, ni madereva wa taratibu tu. Tunawasema kwa ajili ya Zubeiri. Hatujui namna nyingine ya kumfariji.

— Mimi nimeshawachunguza, alianza Shekhe siku hiyo. Mtu anayekwenda taratibu vile ni simu. Mkono mmoja usukani, mkono mmoja anaandika ujumbe.

— Si simu, alisema Spoku, ameshika gurudumu analizungusha. Ni uoga. Mtu kazeeka ndiyo ananunua gari. Analiogopa. Ukimtazama usoni utadhani amepakia mayai ya mkwewe.

— Muoga si anakaa pembeni? Huyu anakaa katikati.

— Ndiyo anaogopa pembeni.

Kona alikuwa anasubiri tumalize. Akapuliza kahawa.

— Nyinyi hamjaendesha. Mimi nimeendesha. Yule mtu kwao hasikilizwi. Akisema chakula, hakiji. Akikohoa, watoto wanaongeza sauti ya televisheni. Sasa siku moja anaangalia kioo, anaona magari kumi yamejipanga nyuma yake. Unadhani atakanyaga mafuta? Ule ndio usultani wake, bwana we.

— Hapo umesema, alisema Shekhe.

— Sijamaliza. Niambie kitu kimoja. Siku huna haraka, unamkuta?

— Simkuti.

— Siku una haraka?

— Yupo.

— Haya. Nani anampa taarifa?

Abdulghani akagonganisha vikombe viwili kama kawaida yake, akammiminia Zubeiri bila kuombwa. Zubeiri alikipokea, akakiweka juu ya goti.

— Wanapangwa, alisema Kona. Kila barabara na mtu wake. Asubuhi wanagawana. Wewe Pangani, wewe Muheza, wewe Maramba.

— Wanapangwa na nani?

— Ningejua ningekuwa nakunywa kahawa hapa na nyinyi?

— Wengine si watu, alisema Shekhe kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa njia ya Mwera, wallahi, gari linatambaa mbele yetu. Tukalipita. Natupa jicho upande wa usukani, hakuna mtu. Kiti kitupu.

— Lilikuwa la usukani wa kushoto.

— Lilikuwa tupu, Kona.

— Lilitoka Ulaya, yakhe. Mtu alikaa upande wa pili.

Siku nyingine tungecheka. Lakini tulimtazama Zubeiri kwanza, na yeye alikuwa anaangalia barabara, basi kicheko kikafia njiani. Probox yake imelala uani kwake, hajaiwasha tangu aliporudi nayo hospitali. Kila asubuhi huenda stendi kwa miguu kuwauliza madereva wanaotoka upande wa Maramba kama wanaijua pikapu ya bluu. Nilimuuliza mara moja, akimpata dereva wake atamfanya nini. Alisema hajui, ila lazima ampate.

— Na honi hawasikii, alisema Spoku. Huyu mwenzetu najua alipiga honi mpaka ikakauka.

Hatukungoja jibu la Zubeiri, maana tulikuwa tunalijua, au tulidhani hivyo.

Ndipo mzee mmoja akaja kutoka upande wa sokoni, kofia ya pama mkononi, viatu vyake vyekundu kwa udongo wa vijijini huko juu. Tukampa shikamoo. Akaitikia mmoja mmoja. Spoku akamsogezea nafasi, Abdulghani akampa kahawa. Akainywa yote kabla hajasema.

— Namtafuta Zubeiri. Nimeambiwa anakaa hapa.

— Ndiye mimi, mzee.

— Mimi naitwa Yona. Natoka Maramba. Nimesikia unaitafuta pikapu ya bluu. Ni yangu.

Abdulghani aliacha kugonganisha vikombe. Kona akasimama, sijui kwa nini, akakaa tena.

— Nimekuja kukupa pole, mwanangu, alisema mzee. Siku ile sikujua kitu. Nilikuwa nimepakia kitanda cha mjukuu wangu Queen, alikuwa anaolewa, na kabati la vioo. Mke wangu na dada yake walikaa nyuma wamelishikilia. Kila shimo nilisikia vioo vinalia. Kabati limeziba nyuma kote, sioni kitu. Sikujua kama kuna gari. Mbona hukunipigia honi? Ningekupisha.

Tulimgeukia Zubeiri. Sisi sote tulikuwa na ile honi masikioni, tulikuwa tumeipiga kwa niaba yake tangu siku ya mazishi.

— Sikupiga, alisema Zubeiri.

— Hukupiga hata mara moja? aliuliza Spoku.

— Ilikuwa na kitambaa chekundu.

Akakiweka kikombe chini, akasema na ardhi, si na sisi.

— Vumbi tupu, walichopakia sikioni, naona kitambaa chekundu tu kinapepea nyuma. Wanawake wawili wamejifunika kanga kichwa mpaka uso, wameinama, hawasemi. Gari linakwenda taratibu. Nikasema huu msiba. Wamebeba maiti. Nikazima redio. Nikawasha taa, nikajipanga nyuma yao kama msindikizaji. Mastura analia huko nyuma, namwambia vumilia, kuna msiba mbele. Akaniuliza, wanazika wapi? Nikasema sijui. Akasema, usiwapite wafiwa, Zubeiri. Waache watangulie.



— Tulipofika lami ndiyo nikawapita. Nikaona kitanda. Wale wanawake wamejifunua kanga, wanajifuta vumbi, wanacheka. Mmoja akanipungia mkono.

— Zile kanga zilikuwa za vumbi, alisema mzee polepole. Na kitambaa ni cha kitanda. Miguu ilichomoza nje. Usipofunga, trafiki anakukamata.

— Najua, mzee. Nilijua pale pale lami.

Basi ndiyo hivyo. Siku zote zile tulikuwa tunamtukana mtu aliyebeba kitanda cha harusi, na rafiki yetu amekaa katikati yetu na neno moja ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyempa nafasi ya kulisema. Nilikasirika. Nilimkasirikia Kona na usultani wake, Shekhe na kiti chake kitupu, halafu nikajikasirikia mimi, maana nilikuwa nacheka nao.

Shekhe alijaribu.

— Zubeiri, mlimheshimu maiti. Hiyo ina thawabu zake.

— Hapakuwa na maiti, Shekhe, alisema Zubeiri.



Mzee Yona alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. Nilidhani ataaga. Badala yake akamsogelea Zubeiri.

— Mimi sikuja kwa pole tu. Mama mkwe wako ndiye aliyeniambia habari yote, anakaa si mbali na kwangu. Leo asubuhi nilipita kwake kumuaga. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni anaota moto. Mtoto anaendelea vizuri, ananyonya chupa, ana nywele nyingi. Bibi yake amenituma nikuulize. Anasema kila akimbembeleza anamwita mgeni, maana anakusubiri wewe, na wewe hujaja. Mmempa jina gani?

Zubeiri akamtazama Shekhe, Shekhe akatazama kanzu yake. Akanitazama mimi. Siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, ilipita, arobaini ikapita, tukala pilau ya khitma tukanawa mikono, tukarudi kwenye benchi kuwasema madereva. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza habari ya yule mtoto. Mimi nilikuwa sijui kama ana nywele.

Abdulghani aliinua birika kummiminia mzee. Yakatoka matone mawili na machicha.

— Imekwisha, alisema.

Zubeiri akainuka. Alijipapasa mifuko kama mtu anayetafuta ufunguo, akakumbuka kwamba Probox imelala uani.

— Mzee, unarudi lini Maramba?

— Narudi sasa hivi. Gari nimeliacha hapo kona, alisema mzee Yona. Lakini mimi naenda taratibu, mwanangu. Macho yangu si mazuri sana.

— Twende hivyo hivyo, alisema Zubeiri.

Tuliwaona wakipita, pikapu ya bluu, mzee amekumbatia usukani, Zubeiri kando yake. Ilitambaa katikati ya barabara. Nyuma yake bajaji mbili na pikipiki zilianza kupiga honi. Kona aliinuka kwenye benchi, akaingia barabarani, akawanyooshea mkono wasubiri.