Dona Wahida, Aliyeviponda Vitabu Vyake Mwenyewe

Tarehe thelathini mwezi wa sita, Dona Wahida Twalha anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuhakiki na kuchapa hadithi za kubuni za sayansi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mtu ambaye hakuajiriwa na yeyote anastaafu vipi, hilo hatujalielewa. Gráfica, yaani hiki kiwanda chetu cha uchapaji, ni yake, mashine ni zake. Lakini amesema anastaafu, na keki imeshaagizwa.

Kuandika nimeachiwa mimi, mkata karatasi kutoka Kilwa. Nilifuata kazi ya ujenzi, ikaisha, nikaangukia hapa. Atakayeona kosa anisamehe.

Alianza akiwa mwalimu wa fizikia, akichapa hadithi za wanafunzi kwenye mashine iliyomeza karatasi mbili na kutoa moja. Baadaye akanunua yake, nayo ikawa na tabia ileile. Humo zimetoka hadithi za mvua inayonyesha kwa amri na za miji iliyo chini ya bahari. Kisha, katika jarida lake mwenyewe, akaviponda vitabu hivyohivyo. Tulichanganyikiwa. Muuza samaki gani husimama sokoni akasema samaki wake wameoza?

Mwaka mmoja wa shida, karatasi yote iliyobaki ilikwenda kwenye kitabu cha Milton, mtoto wa kaka yake. Humo kampuni inahamishia kijiji kizima mwezini, na kila familia inapewa nyumba ya bloko za saruji na shamba. Kisipouzika, gráfica inafungwa na sisi tunarudi kwetu. Kurasa za mwanzo tukazigawa sokoni ili watu waonje. Wakaja akina mama wawili kutoka Quitunda, kijiji cha watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi, wakidhani ni tangazo. Mkubwa wao, Mama Felismina, alisema wao wameshahama mara moja, wanajua cha kuuliza.

“Nyumba tumesikia, shamba tumesikia. Na makaburi yetu, nani anayapeleka huko juu?”

Sisi tulicheka. Dona alimpa mama kiti, akamweleza kuwa ni hadithi tu. Mama akajibu kwamba hata kule kuhama kwao kulianza kama hadithi. Walipoondoka, Dona akatuamuru tufumue vitabu vyote. Milton akaja juu, akasema shangazi anamuua.

“Hakijaiva, mwanangu. Umehamisha watu ukasahau wafu wao.”

Tulifumua huku tukinung'unika, tukala muhogo aliotuletea Dona kutoka kwao Quionga. Milton alinuna, halafu akaandika upya, nasi tukachapa kwa karatasi ya kukopa. Sasa wanakijiji wanakataa kupanda chombo mpaka wafu wapandishwe kwanza. Kitabu hicho ndicho kilichotubakiza hapa. Hata watu wa ng'ambo ya Rovuma walikuja kukitafuta. Kilipokwisha kuuzwa, Dona akaandika kwamba sura ya tatu inachosha.

Mpaka leo hatujui alikuwa akijenga au akibomoa. Gráfica inabaki kwa Milton na mkewe Lénia. Wao wanapenda kila wanachochapa, na hilo linatutia hofu.

Dona Wahida, ahsante kwa yote, hata kwa yale tusiyoyaelewa. Nenda Quionga ukapumzike, afya ikae nawe, na macho yako yabaki makali. Kila kitabu kikitoka tutakuletea. Kikiwa kibaya, usituonee haya.