Marehemu Mervyn Tregenza na Mkanda wa Nne

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea historia ya mpendwa wetu Mervyn Arthur Tregenza, ambayo sehemu yake aliiandika mwenyewe na kuagiza isirukwe hata neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1947 huko Broken Hill, mtoto wa tatu wa mchimba madini, akasoma huko huko hadi mwaka 1962, kisha akaja hapa Sydney kujifunza kazi ya kuonyesha sinema, akaifanya miaka arobaini na mmoja, na tarehe 6 Novemba 1971 alifunga ndoa na Noelene, wakajaliwa mabinti wawili, Gail na Jeanette.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1996, siku ambayo wahakiki wa magazeti walionyeshwa Tani Arobaini, filamu ya majambazi na malori iliyoongozwa na Bi Despina Kallis, marehemu kimakosa aliunganisha mkanda wa nne wa filamu hiyo kabla ya wa tatu, hivyo jambazi aliyekwisha kuuawa akaonekana tena anakunywa chai, na wahakiki wote kumi na mmoja, wakidhani ndivyo mwongozaji alivyotaka, wakaiponda vibaya, mmoja akiandika kwamba mama huyu arudi jikoni kwake, na filamu ikaondolewa kumbini baada ya siku tisa. Marehemu aliirekebisha mikanda mchana ule ule, akanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na tangu hapo kila simu ilipolia alishtuka.

Mwaka 2019 redio ilitangaza kwamba wahakiki vijana wameitazama upya filamu ile, wameisifu, na wanashangaa wazee wao waliona kasoro gani, na badala ya kupata nafuu marehemu akaingiwa na hofu maradufu, maana sasa kulikuwa na watu wanaouliza. Noelene alimsihi, "Merv, mwambie mama wa watu kabla hujafa," naye akajibu, "Wiki ijayo, mpenzi," kwa miaka minne.

Alianza kuugua mapafu Februari 2022, akafariki tarehe 2 Agosti 2023, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotuletea chakula na ninyi wenzake wa kazini, ambao wengi wenu mnayasikia haya kwa mara ya kwanza, kama tulivyoyasikia sisi mabinti zake juzi.

Bi Despina, ulialikwa kwa agizo lake bila kuambiwa sababu, na kiti chako kipo karibu na mlango kwa sababu aliagiza hivyo, ili ukitaka kuondoka usipite mbele za watu. Tunaogopa kukutazama.

Pumzika, baba, umeshasema.